Mtu Aliyejua Kusukuma Tu

Wakenya watatu wakijikinga mvua kwenye kibaraza cha duka, mvua ikikatika utakuta tayari wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi tulikuwa wanne, tena tulikuwa na nyumba ya kukutania, kwa hivyo ugonjwa huo ulitushika vibaya.

Kilichotukutanisha kilikuwa mchezo. Uliletwa Ruiru, miaka ya tisini ikiwa katikati, na kijana mmoja aliyekuwa amekwenda ng'ambo kusomea uhandisi. Alirudi na jaketi la ngozi, lafudhi inayopitia puani na sanduku la kadibodi. Digrii hatukuonyeshwa. Sandukuni mlikuwa na kitabu kinene, ramani za nchi zisizokuwepo, na dadu zenye pande nyingi hadi hujui upande upi ndio uko juu. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mnakaa mezani, kila mmoja na karatasi yake, na kwenye karatasi kuna mtu uliyemtunga: jina lake, nguvu zake, na mambo anayoweza kufanya. Mwenye mchezo anasimulia mahali mlipo, labda pangoni, labda mbele ya lango la mfalme katili. Mnamwambia watu wenu wanafanya nini, dadu zinarushwa, na dadu ndizo zinazoamua kama wamefaulu. Ni hadithi mnayoitunga pamoja huku mnakunywa chai. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona ni mchezo wa watu wasio na nguo za kufua. Haukupita mwezi nikawa naziacha zangu kwenye karai ili niwahi.

Tulikutana Jumapili baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa mama yake huyo kijana, kati ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Mimi nilikuwa nashona sare za shule mjini Thika. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati, mwanamke wa kutoka magharibi, mzee wa kanisa lake na mtu asiyezungusha maneno, tulimwita Sista. Kulikuwa na mwenye duka la misumari, nyundo na mabati, Mwislamu wa makamo, ambaye tulimwita Hajji ingawa safari ya Makka ilikuwa bado iko kwenye mipango. Na mwenye mchezo tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alijichagua mwenyewe na hakuna aliyepinga.

Kila mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Baadaye zilisomwa kumbukumbu za Jumapili iliyopita, zikapendekezwa, zikaungwa mkono. Kama tulikuwa tumeachana wakati joka limefungua mdomo kutumeza, joka hilo lilingoja mdomo wazi hadi tumalize yatokanayo na kumbukumbu. Siku moja Hajji aliuliza kama joka haliwezi kuketi. Mwenyekiti alisema swali hilo liletwe chini ya mengineyo.

Haya yote ningeyavumilia. Nisichovumilia ni jinsi Mwenyekiti alivyotutungia watu. Yeye aliamini kwamba mtu wa maana ni mtu wa mambo mengi. Karatasi ya mtu wangu ilipigwa chapa mjini, kwenye ofisi moja ya taipureta, mistari imebanana kama abiria, nyuma na mbele. Niliweza kuruka, lakini si mara mbili kabla ya jua kutua. Niliweza kuwasha moto kwa kidole, isipokuwa kukiwa na unyevu, na unyevu ulikuwa na jedwali lake. Niliweza kuzungumza na ndege wasio wa kufugwa. Kuku, kwa hivyo, hapana. Sista alipewa mchawi, akarudisha karatasi hapo hapo na kusema yeye hatakuwa mchawi hata katika ndoto ya mtu mwingine. Mwenyekiti alifuta neno "mchawi", akaandika "Daktari wa Miujiza", na madudu yote yaliyokuwa chini yake akayaacha jinsi yalivyokuwa.

Hivyo ndivyo tulivyocheza. Mtu akifikiwa na zamu yake, anasema, "Ngoja nisome." Hayo ndiyo maneno yaliyotawala sebule ile. Ngoja nisome. Adui amesimama na panga, mwenzako ananing'inia kwenye kamba, na wewe umeinamia karatasi unatafuta kama uwezo wako wa tisa unafanya kazi kwenye matope. Sisi tulikuwa watu wa Jumapili. Wiki nzima nilikuwa nimepima mabega ya watoto wasiotulia, Sista amesoma vipimo vya dawa, Hajji amebishana na mafundi. Tulikuja kucheza. Mwenyekiti, ambaye wiki nzima hakuwa na kazi ila kukisoma kitabu chake, alitupokea kwa mtihani.

Basi katika hali hiyo ndipo nilipompeleka kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika tangu hajaota ndevu. Mitumba ilipojaa masokoni, kiwanda kikaanza kupunguza watu. Asubuhi moja aliitwa ofisini, akapewa karatasi, na kabla ya saa ya chai alikuwa nje ya geti ameshika kikombe chake. Aliporudi nyumbani kwake Makongeni alikaa kwenye kiti, na kwa miezi mingi hakutoka kwenye kiti hicho ila kwenda kulala. Wifi yangu alikuja dukani kwangu, akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

"Anaangalia ukuta," akaniambia. "Na ukuta wenyewe hauna kitu. Nimeuliza kama niweke hata kalenda."

Nilienda kumwona. Alinisalimia vizuri, akaanza kuniuliza habari za kazi, na katikati ya swali akanyamaza kama mtu aliyesahau kwamba anaongea. Sentensi zote alikuwa anaziacha njiani. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu: niliogopa kwamba siku moja wifi atakuja tena, na safari hiyo hataketi. Sikuwa na pesa za kumpa, sikuwa na kazi ya kumtafutia. Nilikuwa na Jumapili tu. Nikamdanganya kwamba naogopa kurudi peke yangu jioni kutoka Ruiru, na kwamba nahitaji mtu wa kunisindikiza. Hilo alilielewa. Alivaa koti.

Mwenyekiti alimpokea kwa heshima zote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alimwona mtu mzima, amevaa koti, mkubwa kuliko sisi wote isipokuwa Hajji, akafikiri atamtukana akimpa kitu kidogo. Akampa Daktari wa Miujiza wa daraja la juu: karatasi tatu zilizobanwa kwa pini.

Tulikuwa mbele ya mlango wa pango. Zamu ya kaka ikafika.

"Mzee wetu, floor ni yako," Mwenyekiti akasema. "Uko na options mingi sana."

"Ngoja nisome," kaka akasema.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alifungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Chai ilipoa ikaota utando. Sista alitazama saa yake. Mwenyekiti, akidhani anasaidia, akainuka na kusimama nyuma ya kaka na kuanza kumwonyesha: hii inategemea hii, lakini hii huwezi kama umetumia ile. Niliona sikio la kaka linakuwa jekundu, na yeye si mweupe.

"Fanya tu ile inafaa," kaka akasema mwishowe, akaisukuma karatasi upande wa Mwenyekiti.

Njiani kurudi, tulipokaribia kwake, alisimama. "Mwari wa maitu," akaniambia, kwa jina ambalo Mkikuyu humwitia mtoto wa kike wa mama yake, "hiyo kitu ni ya watu wamesoma."

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Kaka yangu alikuwa amesoma kama sisi wengine. Alichokosa ni hamu ya kufanyishwa mtihani siku ya mapumziko, mbele ya wageni, na mtu mwenye jaketi. Miezi yote ile alikuwa anajiona hafai, na mimi mwenyewe nilikuwa nimempandisha gari kumpeleka mahali pa kuthibitishiwa.

Jumapili iliyofuata nilimburura tena, kwa uongo ule ule. Hata maombi yalipokuwa hayajaisha vizuri nilikuwa nimeinua mkono.

"Mwenyekiti, napendekeza mtu wa kaka yangu awe na uwezo mmoja."

"Mmoja wa aina gani?"

"Mmoja. Wa kuhesabika kwa kidole kimoja."

Mwenyekiti alicheka kwa huruma, kicheko alichokileta na lile sanduku. "Atakuwa bored, sister. Ata-do nini mchana mzima? Mtu wa uwezo mmoja ni mtu wa kupita tu kwa story."

Hajji, ambaye alikuwa anakoroga chai, akasema bila kuinua kichwa, "Dukani kwangu nyundo haina karatasi ya maelezo. Na sijaona mteja akiirudisha kwamba imemchosha." Kisha akaniunga mkono rasmi, kwa sababu bila hivyo hoja yangu haingeandikwa.

Mwenyekiti akamgeukia kaka, kalamu mkononi, kama karani wa mahakama. "Haya basi. Mtu wako anaweza nini?"

Kaka alifikiri. "Kusukuma."

"Kusukuma nini?"

"Kitu iko mbele yake."

Mwenyekiti aliandika neno hilo moja juu ya karatasi nyeupe, na weupe uliobaki ulimuuma waziwazi. Alikuwa akiutazama kila mara.

Nataka nieleze kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu sijawahi kukiona katika kitabu kinene cha mtu yeyote. Kaka hakuwa na kitu cha kusoma, kwa hivyo aliinua uso. Alitutazama. Alimsikiliza Mwenyekiti anaposimulia, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumeacha zamani kwa sababu ya kazi ya kurasa. Akaanza kuuliza. Mlango huo unafungukia ndani ama nje? Huyo askari amesimama kwa mguu mmoja ama miwili? Hilo gari la mawe liko kwa mteremko? Halafu akisharidhika anasema, "Nasukuma," na dadu zinarushwa.

Alisukuma mlango. Alisukuma gari la mawe likashuka na jeshi zima. Alimsukuma hakimu mla rushwa kutoka kwenye kiti chake, na Sista akapiga meza kwa furaha hadi sukari ikamwagika. Siku moja tulikuwa tumekamata mpelelezi aliyekataa kusema ukweli, na sisi wenye uwezo mia tukawa tunafunua karatasi zetu. Kaka akauliza taratibu, "Chairman, si naweza kumsukuma aseme?"

Mwenyekiti alipekua kitabu kizima. Hakikuwa na jibu. Ikabidi dadu ziamue, zikakubali, na yule mpelelezi akasema kila kitu hadi mambo ya mamake. Mama wa Mwenyekiti alikuja kutoka jikoni kuuliza nini kinatuua kwa kicheko siku ya Bwana.

Huo ndio ulikuwa uwezo mdogo, wa mtu wa kupita tu. Kadiri ulivyokuwa mdogo, ndivyo yeye mwenyewe alivyopata nafasi ya kuwa mkubwa. Sikumweleza Mwenyekiti hivyo, angeniambia niandike hoja. Lakini wifi alikuja dukani tena na safari hii hakuketi kwa sababu alikuwa na haraka: kaka alikuwa ametengeneza mlango wa jikoni, alikuwa anauliza majirani kama wana kitu cha kutengenezwa, na usiku alimsimulia habari za askari wa mguu mmoja, mwanzo hadi mwisho, sentensi nzima nzima.

Ungedhani watu wenye akili wangeacha kitu kizuri hivyo jinsi kilivyo. Lakini mimi nazungumzia watu wa kwetu, na kwetu mtu akifanya kazi vizuri haachwi aifanye. Anapandishwa cheo. Mwalimu mzuri anaondolewa darasani awe mkuu, mpishi mzuri anapewa ofisi na ufunguo wa stoo, na baada ya hapo tunakula vibaya na tunampigia makofi.

Siku kaka alipolisukuma lango la barafu na kutuokoa sote, Mwenyekiti alisimama na macho yamemlowa. Nilijua tumekwisha. Jumapili iliyofuata kulikuwa na sherehe. Mama wa Mwenyekiti alikuwa amepika chapati na ndengu, kulikuwa na soda, na Hajji alikuwa ameombwa kutoa neno. Kaka alikuwa ameambiwa avae tai. Alivaa. Mwenyekiti alihutubia kwa muda ambao ungetosha kumaliza mchezo mzima, kisha akamkabidhi kaka karatasi mpya ndani ya faili la plastiki, kwa mikono miwili.

Mtu wa kaka sasa aliitwa Naibu Mkurugenzi wa Kusukuma na Masuala Yanayohusiana.

Alikuwa na uwezo wa kusukuma kwa ubavu, kusukuma kwa mbali, kusukuma kwa kuahirisha, na kusukuma kwa niaba ya mwingine. Visivyo na mifupa vilihitaji dadu ya pili. Maji yalikuwa na ukurasa wao. Kusukuma kwa kawaida, kule kwa zamani, kulikuwa kumekabidhiwa kwa vijana wawili wa kufikirika ambao angewaamuru kwa ishara, kwa sababu ofisa wa ngazi yake hashiki milango.

Tulipiga makofi. Ungefanyaje? Kaka alisimama na faili lake akashukuru. Kisha mchezo ukaanza, zamu yake ikafika, na mbele yake kulikuwa na ukuta wa mawe, kitu rahisi kabisa.

"Nasukuma," akasema.

"Aa, hapana, Mzee. Wewe sasa husukumi hivyo. Tafuta kwa page two."

Kaka akafungua faili. "Ngoja nisome," akasema.

Ilichukua Jumapili mbili tu kumrudisha kwenye kile kiti chake. Ya tatu nilipokwenda kumchukua alisema nimtafute mtu mwingine wa kunisindikiza. Nilifika Ruiru peke yangu, nikaingia sebuleni bila kuvua hata koti, na maombi ya siku hiyo nikayakata katikati, Mungu anisamehe.

"Mmemuua," nikawaambia. "Mrudishieni neno lake moja."

Mwenyekiti alishtuka kweli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kurasa. "Lakini hiyo itakuwa ni ku-demote mtu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Hajakosa kitu. Wataka niseme mbele ya watu eti Mzee ameshushwa?"

Nilimwona mjinga. Lakini nilipofika Makongeni jioni ile na kumwambia kaka kwamba nitahakikisha anarudishwa chini, kwa ule uwezo wake wa zamani, aliinuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Nishushwe?" akasema. "Wewe unasikia unachosema? Kule kazini walinishusha na karatasi. Sasa niende Ruiru nishushwe tena, na watu wakinywa chai?"

"Ni mchezo tu, kaka."

"Hata kama ni mchezo."

Hapo nilikaa chini kwenye sakafu na kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mtu alikuwa anazama kwenye cheo asichokitaka, na hakuna aliyeweza kumtoa, hata yeye mwenyewe. Ungeweza kutuchapa viboko sote, nami nikiwa wa mwisho kwenye foleni.

Ni Sista aliyetuokoa. Jumapili iliyofuata, baada ya Mwenyekiti kueleza mara nyingine kwamba katiba haina kifungu cha kumshusha mtu, Sista aliweka kikombe chini.

"Basi afe," akasema.

Mwenyekiti alifunga kitabu.

"Si afe tu? Hapa kwetu huwezi kumshusha mtu, lakini kumzika tunajua sana. Azikwe na heshima zake zote. Halafu ndugu yetu aje na mtu mwingine, mgeni, hana cheo."

Sijawahi kuona kamati ikichangamka vile. Mtu aliyekataliwa kupunguziwa ukurasa mmoja alipewa mazishi kamili bila mjadala. Mwenyekiti alitaka afe vitani, lakini Sista, kwa mamlaka ya taaluma yake, alisema ni homa ya ghafla. Mwenyekiti alilalamika kwamba katika Ufalme wa Barafu hakuna mbu. Sista alisema alisafiri. Kisha tukabishana kuhusu mahali pa kuzika, maana mazishi bila ugomvi wa kaburi si mazishi. Mama wa Mwenyekiti alituma neno kutoka jikoni kwamba hakuna maiti itaingia kwa kabichi zake, hata ya karatasi. Mwishowe ilikubaliwa marehemu apelekwe upande wa kwao, yaani Thika, kwa kuwa ndiko alikotoka mwenye kumtunga.

Kaka nilimwambia kwamba amefiwa. Akauliza mazishi ni saa ngapi. Msiba mtu hakatai kwenda.

Tulikutana Jumapili mchana kwenye nyasi karibu na maporomoko ya Chania, mbali kidogo na maharusi waliokuwa wanapigwa picha. Marehemu alikuwa ndani ya sanduku la viatu, karatasi zake zote, na faili la plastiki. Mlinzi wa hoteli iliyo jirani alikuja kuuliza tunachimba nini. Hajji akamwambia, "Tunazika," na mlinzi akavua kofia na kurudi nyuma. Sista aliomba kwa kifupi. Hajji alisema dua zake ni za watu, si za karatasi, lakini alishika jembe.

Mwenyekiti alizitoa karatasi sandukuni, na kwa sababu ya kelele za maji alilazimika kusoma wasifu kwa kupayuka. Alisoma nyadhifa. Alisoma kusukuma kwa ubavu, kwa mbali, kwa kuahirisha. Tulisimama tumeinamisha vichwa, na ninaweza kuapa kwamba hakuna kati yetu aliyekumbuka hata kimoja kati ya hivyo kikitendeka. Alipofika ukurasa wa maji, aliacha kusoma. Akazikunja karatasi, akazirudisha sandukuni.

"Mwenye kumjua marehemu aseme kidogo," akasema.

Hajji alisogea mbele. "Mimi namkumbuka siku ya lango. Sisi wote tumejificha nyuma ya karatasi. Yeye akauliza lango linafungukia wapi, akasema nasukuma. Mimi ni mtu mzima, lakini siku hiyo niliona kweli lango mbele yangu."

"Mimi wiki nzima nasoma dozi," Sista akasema. "Nikikosea mtu anakufa. Sasa Jumapili nikimsikia huyu akisema nasukuma, mimi napumzika. Sijui kama alijua. Alikuwa ananipumzisha."

Mimi nilisema tu kwamba alinichekesha, na kwamba nyumbani kwake wameona tofauti.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alivua lile jaketi, sijui kwa nini, labda jua. "Mimi nilidhani namwongezea," akasema. Hakuongeza neno, na kwa Mwenyekiti hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Kwa desturi, mtu wa familia hutoa shukrani. Sote tukamgeukia kaka. Alikuwa amesimama karibu na shimo, mikono nyuma, tai ile ile ya sherehe shingoni. Alianza, akanyamaza, na mimi nikadhani sentensi imemponyoka tena.

"Nawashukuru," akasema. "Kule kazini nilikaa tangu nikiwa kijana. Siku ya kutoka hakuna mtu alisema kitu. Waliniambia nirudishe overall." Alitazama sanduku. "Mimi sikujua mtu anaweza kusikia haya maneno akiwa bado amesimama."

Maji yalikuwa yanapiga kelele, maharusi wanacheka. Hajji alifukia shimo, akalikanyaga kwa adabu.

Baadaye tuliketi nyasini, Sista akafungua chupa ya chai, na Mwenyekiti akatoa dadu na karatasi moja nyeupe, akaiweka juu ya kitabu chake kinene apate mahali pa kuandikia.

"Huyu mgeni wako," akasema, "anaweza nini?"

"Kushika," kaka akasema. "Kitu ikianguka, anashika."

Mwenyekiti aliandika. Kalamu ilibaki hewani juu ya ule weupe wote, na tulimwona anavyoteseka. "Na kingine?" akauliza.

"Chairman," kaka akamwambia kwa upole, "rudisha kalamu kwa mfuko."

Akairudisha. Kaka yangu akasogea karibu, akakusanya dadu kiganjani, akatuharakisha tuanze, akisema jua linaenda na kesho watu wana kazi. Alisema hivyo mwenyewe, yeye ambaye kesho hakuwa na kazi, na hakuinamisha macho.